Acheni kumuuliza "kwa nini ulimtumia?"

Picha ya faragha ya mtu ikisambazwa, au namba yake ya simu ikibandikwa hadharani ili watu asiowajua wamtukane, swali la kwanza huelekezwa kwake yeye. Kwa nini ulimtumia? Kwa nini ulimwamini? Aliyesambaza haulizwi kitu. Nimelisikia swali hili kwa wazazi, kwa marafiki, kwa viongozi wa dini, hata kwa watu ambao kazi yao ni kupokea malalamiko, na ninaamini ndilo linalompa mnyanyasaji nguvu kuliko simu aliyonayo mkononi.

Tazama namna anavyotishia. Husema, "Nitamtumia mama yako. Nitampelekea bosi wako." Tishio zima limesimama juu ya jambo moja: ana hakika kwamba mama na bosi watamgeukia aliye kwenye picha, si aliyeituma. Siku tutakapoanza kumgeukia aliyeituma, hatakuwa na cha kutishia.

Kumpa mtu mmoja kitu si kuwapa watu wote. Daktari anajua ugonjwa wako, benki inajua mshahara wako, mwenza wako anajua mwili wako. Kila mmoja amepewa kwa sababu yake, na ruhusa inaishia hapo hapo. Wala hili si jambo lililoletwa na intaneti. Ibara ya 12 ya Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inakataza mtu kuingiliwa kiholela katika mambo yake ya faragha, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake, na inakataza pia kushambuliwa kwa heshima na jina lake.

Swali lile lina madhara mengine yasiyosemwa sana. Mtu akishaaibishwa hukimbilia kufuta: anafuta mazungumzo, anafunga akaunti, anatupa laini, na ushahidi unakwenda na hivyo vyote. Ukikumbwa na haya, kabla ya kufuta chochote, hifadhi. Piga picha ya skrini inayoonyesha akaunti au namba, tarehe na saa, na unakili kiungo cha ukurasa wenyewe, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja. Usizikate picha hizo. Kisha andika matukio yote kwa mfuatano wa siku. Tukio moja peke yake huonekana dogo, "si kapiga simu tu?", lakini simu za usiku wa manane, wiki baada ya wiki, zikipangwa kwenye karatasi moja, hakuna atakayesema ni dogo. Mpe nakala mtu unayemwamini. Baada ya hapo ndipo umzuie.

Akidai pesa, usimlipe. Picha inabaki kwake hata ukilipa, na sasa anajua kwamba unalipa.

Zipo pia njia za kuiondoa picha, na inaniuma kwamba wengi hawazijui. Tangu Desemba 2021 kuna huduma ya StopNCII.org kwa watu wazima. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, na alama hiyo peke yake ndiyo inayotumwa kwa kampuni zinazoshiriki, zikiwemo Facebook na Instagram, ili picha itambuliwe na kuzuiwa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Kwa waliopigwa picha wakiwa chini ya miaka 18 kuna Take It Down, inayofanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Ikiwa kilichoanikwa ni namba ya simu au anwani ya nyumbani, Google hupokea maombi ya kuviondoa kwenye matokeo ya utafutaji. Lakini ukurasa wenyewe unabaki pale ulipo, kwa hiyo mwenye tovuti naye aandikiwe.

Hakuna huduma inayofika kila mahali. Picha inayopita kutoka grupu moja la simu hadi jingine hubebwa na mikono yetu. "Nimeipata tu" si utetezi. Uliyeipeleka mbele umefanya kile kile alichofanya wa kwanza, na ukiwa msimamizi wa grupu ukaiacha hapo, umechagua upande.

Mara nyingi mnyanyasaji si mtu wa mbali. Ni mwenza wa sasa au wa zamani, ndugu, mtu wa kazini, anayejua nywila yako na jina la shule ya mtoto wako. Hapa kuna hatari ambayo watu wenye nia njema huisahau. Humwambia mwathirika abadilishe kila kitu usiku huo huo, na mnyanyasaji akigundua amefungiwa nje, anaweza kuja mlangoni. Kwa hiyo mtu akikujia na jambo hili, anza na usalama wake. Muulize kama ana pa kulala leo, na kama huyo mtu anaweza kuona mahali alipo kupitia simu. Mwazime simu ambayo mnyanyasaji hajawahi kuigusa, aitumie kutafuta msaada na, wakati ukiwa salama, kubadilisha nywila, akianza na ya barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi hufunguliwa upya kupitia hiyo. Ushahidi mhifadhie wewe, kwako. Na akienda kutoa taarifa, nenda naye, ili swali la "kwa nini ulimtumia?" likiulizwa tena, awepo mtu wa kulikataa.