Sweta Hupimwa Upande wa Ndani

Katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda changu mna kazi kumi na moja nilizozimaliza tangu nilipoanza kufuma kwa dhati miaka sita iliyopita: masweta manne, shali mbili, kofia tatu, blanketi la mtoto ambaye alianza kutembea kabla sijafika ukingoni, na jozi moja ya soksi ambayo sina mpango wa kuirudia. Sifumi kwa ajili ya biashara. Nafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na jioni za Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlima Loleza na kila mtu kujikunja karibu na jiko la mkaa, mikono yangu hutaka kazi isiyohitaji kalamu nyekundu.

Mgeni akiliona sanduku hilo, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Mwalimu, sweta hili unauza shilingi ngapi?" Nikimjibu kwamba siuzi, hunitazama kwa huruma kidogo, kisha huuliza la pili: "Sasa unafuma ya nini?" Simlaumu. Tumezoea kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono kina njia mbili tu, ama kivaliwe nyumbani ama kipelekwe sokoni, na tunao msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kana kwamba mnunuzi ndiye mwamuzi wa mwisho wa ubora. Mimi naona mnunuzi ni mwamuzi dhaifu sana wa kazi ya kufuma. Mnunuzi hutazama rangi, hupima urefu wa mkono kwa kulibandika sweta begani, hupatana bei, basi. Ndugu na majirani ni dhaifu zaidi, maana wao husifu kila kitu. Mama yangu mdogo aliisifu hata ile soksi ya kushoto.

Anachokikosa mfumaji wa kujifurahisha ni mtu asiyemjua, anayeijua kazi, atakayeligeuza sweta upande wa ndani na kumwambia ukweli. Mtu huyo hupatikana kwenye shindano, au tuseme angepaswa kupatikana huko.

Miaka miwili iliyopita nilipeleka sweta langu la vifungo, la rangi ya kijivu, kwenye maonesho madogo ya kazi za mikono katika mkoa wetu, ambayo sitayataja jina. Nilikuwa nimelifanyia kazi miezi minne. Waamuzi watatu walipita kati ya meza wakiwa wameshika karatasi, wakauliza kila mshiriki yuko kikundi gani, kikundi kina wanachama wangapi na bidhaa inauzwa wapi, kisha wakaendelea. Hakuna aliyegusa sweta langu. Ushindi ulikwenda kwa shuka la kitanda lililofumwa kwa kulabu, kubwa kiasi cha kufunika meza mbili, na nakiri kwamba lilikuwa kazi ya uvumilivu mkubwa ingawa safu zake za pembeni zilikuwa zimepinda, jambo ambalo ningelisema hata kama ningeshinda mimi. Kilichoniudhi si kushindwa. Nilirudi nyumbani na sweta langu bila neno moja lililoandikwa, nikiwa sijui kama limeshindwa kwa sababu ya kola, vifungo, au kwa sababu tu mimi si kikundi.

Tuangalie basi mwamuzi angetazama nini kama angeligusa. La kwanza ni usawa wa vitanzi, na hapa mwalimu wa hesabu ana la kusema. Mtu mwenye kifua cha sentimita 90, ukimwongezea sentimita 10 ili avae shati ndani, anahitaji sweta lenye mzunguko wa sentimita 100. Ikiwa kipande chako cha majaribio kimetoa vitanzi 20 katika sentimita 10, utaanza na vitanzi 200 kwa mzunguko wote. Lakini mkono ukikaza kidogo tu, ukafikia vitanzi 22 katika sentimita hizo hizo, vitanzi vile vile 200 vitakupa takriban sentimita 91, na nafasi yote ya shati imekwisha. Mikono hukaza mtu anapokuwa na hasira na hulegea anapoongea na jirani. Mwamuzi mzoefu huliona hilo kwenye mgongo wa sweta kama mistari ya mawimbi, naye anaweza karibu kukuambia ni siku gani ulikuwa unasahihisha mitihani.

Kisha huligeuza. Upande wa ndani ndiko uongo unakokaa. Huko ataona kama ncha za uzi zimepitishwa taratibu ndani ya vitanzi au zimekatwa tu zikaachwa zining'inie, kama uzi ulipokwisha mfumaji aliunganisha pembezoni mwa safu au alifunga fundo katikati ya kifua, na kama ubavu umeshonwa safu kwa safu au umevutwa ukajikunja kama mfuko wa viazi. Atavuta ukingo wa chini kuona kama unarudi mahali pake. Atahesabu safu kati ya tundu moja la kifungo na jingine. Atalinganisha mkono wa kulia na wa kushoto kwa kuulaza mmoja juu ya mwenzake, kitu ambacho wengi wetu hatukifanyi kwa sababu tunaogopa majibu.

Namna kazi ilivyomaliziwa ndiyo inayotutoa jasho zaidi, kwa sababu ya nyuzi tunazozipata. Kondoo wengi wa nchini hawana sufu ya kusokotwa, kwa hiyo uzi ulio madukani kwa wingi ni akriliki, ambao kwa asili yake ni plastiki. Uzi wa sufu ukiloweshwa, ukatandazwa na kubanwa kwa pini hadi ukauke, hushika umbo ulilolitaka. Akriliki haina utii wa namna hiyo, na mtu akijaribu kuilazimisha kwa pasi ya moto, vitanzi hulala moja kwa moja na mvutiko wake haurudi tena. Nimeona masweta mazuri yakifa hivyo usiku wa kuamkia maonesho.

Wanaotaka sufu halisi tunaifuata kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa. Unalitafuta sweta la zamani, unaangalia kwanza mishono ya ubavuni, maana lile lililokatwa na kushonwa kwa ovaloki litakupa vipande vifupi visivyo na faida, lakini lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake hufumuka kama maji. Unaukunja uzi kuwa shada, unauosha, unautundika na kitu kizito chini ili mikunjo yake inyooke. Naamini shindano lenye akili lingetenga fungu maalumu la kazi za uzi uliofumuliwa, kwa kuwa huo ni ufundi wa kwetu kabisa, na lingetenganisha pia kazi ya mkono na kazi ya mashine. Mafundi wanaofuma masweta ya shule kwa mashine wana ujuzi wao ninaouheshimu, ila kumshindanisha fundi huyo na bibi mwenye sindano mbili ni kumwonea mmoja wao, na sina hakika ni yupi.

Mahali pengine mambo haya yana mazoea ya muda mrefu. Maonesho ya kilimo ya Uskoti, Royal Highland Show, yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1822 mjini Edinburgh, na hadi leo kazi za mikono zina mashindano yake humo, jirani na ng'ombe na farasi. Marekani, maonesho ya wilaya na majimbo hupokea masweta, soksi na mablanketi ya wafumaji wa kawaida, na huko kuna taratibu mbili za kuamua. Wa kwanza ni ule tunaoujua sote, wa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wa pili, uitwao wa Kidenishi na unaotumika sana kwa vijana wa vilabu vya 4-H, haumshindanishi mtu na mwenzake: kila kazi hupimwa kwa kiwango kilichowekwa na kupewa utepe wa buluu, mwekundu au mweupe, hivyo kazi tano nzuri zinaweza kuondoka na buluu tano, na siku ambayo hakuna iliyofikia kiwango, buluu hazitoki. Huo wa pili ndio ninaoutamani. Ni namna ile ile tunavyosahihisha mitihani. Mwanafunzi aliyepata alama 80 hazipotezi kwa sababu jirani yake kapata 90.

Kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane, katika viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, nimesimama kwenye vumbi la Agosti nikitazama ng'ombe wa maziwa akizungushwa mbele ya watu wanaomkagua miguu, mgongo na kiwele, wakijadiliana kwa sauti ya chini kama madaktari. Nilimwonea wivu yule ng'ombe. Kama tunajua kumkagua mnyama kwa utulivu ule, basi sweta lisilopiga teke tungeweza kulikagua hapo hapo.

Najua nitajibiwa kwamba Nanenane ni ya wakulima, na kwamba akina mama wa vikundi wanahitaji wateja kabla ya tepe za ushindi. Hoja ya kwanza hainisumbui; kwa hapa kwetu, kutoka Makete hadi Mufindi, mkulima asiye na sweta haamki saa kumi na moja alfajiri. Ya pili ni nzito, na mtu mwenye mshahara kama mimi anapaswa kuisikiliza kwa adabu. Ila tazama vikapu vya milulu vya Iringa. Vimefika mbali kwa sababu kuna watu wanaovikagua ukingo, kitako na mpini kabla havijatoka, na kikapu kilichopinda hurudishwa. Mama aliyeandikiwa mistari mitatu kwamba ncha zake hazijafichwa vizuri ataondoka na kitu cha kuuzia mwaka unaofuata. Gharama yake ni kalamu, karatasi, na mwamuzi mmoja anayejua kufuma, na waamuzi hao tunao: wastaafu waliokuwa wakifundisha sayansi kimu wako wengi mitaani, nao hawana simile.

Kuhusu sweta langu la kijivu, kwa kuwa hakuna aliyeligeuza, nililigeuza mwenyewe mwezi uliopita, nikavaa miwani na kujifanya simjui aliyelifuma. Kola haina neno. Matundu ya vifungo ndiyo yenye aibu: kati ya la tatu na la nne kuna safu 14, ilhali kwingine kote ni 12. Nimeufumua ukingo wote wa mbele. Uzi wa kijivu kama ule sikuupata tena, si Mwanjelwa wala kwingineko, kwa hiyo nimefumua pia kofia iliyotokana na mabaki yake. Maonesho yale yakirudi nitalipeleka tena, na sandukuni zitabaki kofia mbili.