Barua ya kuacha kazi inamlinda nani?

Mwisho wa mwezi ukikaribia, waajiri wengi wa Mwanza wanakuwa na wasiwasi mmoja: nani atapokea mshahara Ijumaa, Jumatatu asionekane. Viwandani Nyakato, kwenye maduka ya vipuri katikati ya mji, kwenye shule binafsi za Ilemela, malalamiko ni yaleyale. Simu haipatikani, funguo za stoo zimeachwa kwa mlinzi, na baada ya wiki mwenye kampuni anasikia kwamba mtu wake ameshaanza kazi Geita. Wafanyakazi nao wana lao. Ukisema mapema kwamba unaondoka, wanasema, unatolewa getini siku hiyohiyo, na mshahara wa siku ulizokwisha kufanya unageuka kitu cha kubembeleza.

Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana ule ushauri wa kila siku wa "aga vizuri, ondoka kwa heshima" hautoshi. Naamini notisi ya maandishi inafaa kutolewa hata kwa bosi mbaya. Lakini inafaa kwanza kwa sababu inamlinda anayeondoka. Na heshima inayomtaka afiche ukweli ndani ya barua yake imepita kiasi.

Tuanze na mwajiri, maana huwa tunamsahau tunapomwonea huruma mfanyakazi. Duka la dawa muhimu pale Igoma au Buswelu linaweza kuwa na mtoa dawa mmoja tu mwenye mafunzo yanayotakiwa. Akitoweka usiku mmoja, mwenye duka ana mawili: kufunga, au kuuza kinyume cha taratibu. Kiwanda cha minofu ya sangara nacho kinaishi kwa kumbukumbu za joto, usafi na asili ya kila mzigo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwahi kufunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu za usalama wa chakula, na wakongwe wa biashara hiyo wanajua ilivyouma. Msimamizi wa ubora akiondoka bila makabidhiano, pengo lake haliishii kwa bosi. Linafika kwa mvuvi aliyeleta samaki na kwa kina mama wanaosubiri zamu.

Sheria inalijua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, au siku 7 kama bado yumo ndani ya mwezi wake wa kwanza kazini. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila uwe sawa kwa wote wawili: bosi hawezi kudai miezi mitatu kutoka kwako huku mwenyewe akijibakizia siku 28. Jambo linalowaponza wengi ni likizo. Notisi haitolewi ukiwa likizo, wala siku za likizo hazihesabiwi ndani ya notisi. Anayedhani atachukua likizo yake na kuiunganisha na kuondoka, amehesabu vibaya.

Sasa upande wa mfanyakazi. Hofu ya kutolewa getini ina msingi, lakini kukimbia hakuiponyi hofu hiyo. Akikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha mshahara wa siku hizo kwenye fedha ambazo mfanyakazi huyo anamdai. Kwa hiyo anayezima simu tarehe 30 anaacha mezani malipo ya likizo aliyokwisha kuichuma, na anampa bosi sababu halali ya kuyagusa. Hata hivyo sheria imeweka mpaka, na hapa ndipo waajiri wengi wanapovuka. Ruhusa ya kukata siku za notisi haiwapi ruhusa ya kushikilia kila kitu. Mshahara wa siku alizofanya, likizo iliyobaki, na cheti cha utumishi ni haki zake. Kumnyima mtu cheti ili "ajifunze adabu" hakuna jina zuri, hata kama aliondoka vibaya.

Namna ya kuiwasilisha barua ina uzito kuliko maneno matamu yaliyomo. Chapa nakala mbili. Moja ibaki kwa afisa utumishi, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, iwe na saini na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ofisi isiyo na muhuri, aliyepokea aandike jina lake kwa mkono. Akikataa kupokea, itume kwa barua pepe au WhatsApp siku hiyohiyo, ukieleza kwamba nakala ya karatasi ilikataliwa. Kwa mtunza stoo mambo ni mazito zaidi: mzigo uhesabiwe mbele ya anayepokea, kuanzia katoni zilizo juu hadi vilivyofunguliwa nusu, wote wawili watie saini kila ukurasa. Upotevu ukigundulika miezi miwili baadaye, jina la kwanza kutajwa huwa la aliyeondoka, na karatasi ile ndiyo itakayomsemea.

Kisha kuna swali la sababu. Washauri wengi wanasema: andika "sababu binafsi", shukuru kwa fursa, funga. Wanaikumbusha methali ya kutotukana wakunga na uzazi ungalipo, na kwa Mwanza wana hoja kweli. Mji wetu ni mkubwa kwa watu, mdogo kwa fani. Wahasibu wanajuana, mafundi wa mitambo ya barafu wanajuana, na bosi wa leo anaweza kupigiwa simu kesho na bosi mtarajiwa. Kama umepata kazi bora tu, mstari mmoja unatosha.

Lakini kama unaondoka kwa sababu hujalipwa miezi mitatu, au kwa sababu msimamizi anakusumbua kingono na uongozi umenyamaza, "sababu binafsi" ni maneno yatakayotumika dhidi yako. Sheria yenyewe inataka notisi itaje sababu. Pia inatambua kwamba mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike hadi mtu aache, na kuacha huko kukahesabiwa kama kuachishwa. Kanuni za mwaka 2007 zinaangalia kama ulitumia kwanza njia za kulalamika zilizopo kazini, isipokuwa kama kuna sababu ya msingi ya kutozitumia. Kwa hiyo malalamiko yaandikwe kabla, na barua ya kuondoka iyarejee kwa tarehe, bila tusi hata moja. Lugha tulivu na ukweli vinakaa pamoja vizuri kabisa.

Wenye mikataba ya muda maalumu wana habari tofauti, na nawaona wengi hawaijui. Kama ulisaini mwaka mmoja, siku 28 hazikutoi. Kanuni hizohizo zinasema unaweza kuacha katikati pale mwajiri anapovunja mkataba kwa kiwango kikubwa, vinginevyo mkubaliane kuumaliza mapema. Basi hapo unaandika ombi, na jibu unalitaka kwa maandishi.

Barua ninayoiogopa zaidi ni ile anayoiomba bosi. "Andika mwenyewe kwamba unaacha, tusikuharibie jina." Kuna wakati ombi hilo ni la huruma ya kweli: aliyekosa vibaya na ushahidi upo, hana kiinua mgongo cha kupoteza akifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na kuondoka kimya kunaweza kumfaa. Lakini mara nyingine kampuni inapunguza watu na inakwepa gharama tu. Anayeachishwa hivyo baada ya miaka 6 anastahili kiinua mgongo kisichopungua siku 42 za mshahara wa msingi, yaani siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Anayeacha mwenyewe hakipati, na fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii nalo linamkwepa. Saini moja inafuta vyote viwili. Ukiwekewa karatasi ya namna hiyo, omba kuondoka nayo, ukaisome nyumbani na mtu anayejua sheria. Kama ulishaisaini kwa kulazimishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapa Mwanza, na shauri la kuachishwa isivyo halali linafunguliwa ndani ya siku 30.