Herufi E Haina Ufunguo wa Kiswahili

Juma lililopita binti yangu, aliye darasa la sita, alirudi nyumbani Nyegezi, hapa Mwanza, na kishikwambi alichoazimwa na klabu ya kompyuta ya shuleni kwao, pamoja na karatasi iliyojaa herufi zilizofutwafutwa. Ndani ya kishikwambi kuna mchezo unaofundisha kusimba na kusimbua maandishi ya siri: mtoto hupewa ujumbe uliofichwa, huhesabu herufi, hukisia ufunguo, yaani idadi ya hatua ambazo kila herufi imesogezwa katika alfabeti, na akipatia, lango la ngome hufunguka. Yeye na rafiki yake walikuwa wameamua kuandikiana ujumbe wao wenyewe, na wa kwanza alioupokea ulikuwa huu: PDPD DPHQXQXD VDPDNL ZD NXNDDQJD PZDORQL. Alifuata kanuni aliyofundishwa na mchezo, kwamba herufi inayojirudia kuliko zote ndiyo E, akaifanya D kuwa E, na neno la kwanza likamtokea QEQE. Walipomwendea mwalimu wa klabu, aliwaambia waandike kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hakifuati kanuni.

Kauli hiyo imeniuma, na ninaandika kwa sababu si kweli. Kiswahili kina kanuni zake, tena zilizo wazi kiasi kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kuzitumia bila kufundishwa upya. Ujumbe ule unasema: Mama amenunua samaki wa kukaanga mwaloni. Una herufi 35, na kati ya hizo 11 ni A, ilhali E imo mara moja tu. Wingi wa E ni tabia ya Kiingereza. Kwetu sisi herufi inayotawala ni A, na mchezo ungemwambia hivyo mtoto, angeigeuza D kuwa A, angeona kwamba kila herufi imesogezwa hatua tatu, hatua zilezile ambazo Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa kale, anasema Julius Caesar alizitumia katika barua zake, na lango lingefunguka.

Kuna jambo lililo zuri zaidi ya hilo. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache sana ya kukopa, huishia kwa irabu. Tazama tena ujumbe ule: maneno sita, na yote yanaishia ama kwa D ama kwa L. Anayejua Kiswahili anatambua mara moja kwamba D na L ni irabu mbili zilizojificha. Kutoka D hadi L ni hatua nane, na ukipanga A, E, I, O na U katika alfabeti, ni A na I pekee zilizoachana kwa hatua nane. Ufunguo umepatikana bila kuhesabu herufi hata moja. Mtoto wa London hana njia hii katika lugha yake, lakini mtoto wa Mwanza anayo mdomoni tangu alipoanza kusema, na tumemwambia aiweke kando.

Usimbuaji tangu mwanzo ulikuwa elimu ya lugha. Al-Kindi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9 na kueleza namna ya kuvunja maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi, alizihesabu herufi za Kiarabu, lugha aliyoiandikia. Waliovunja Enigma, mashine ya Wajerumani ya kusimba ujumbe, kule Bletchley Park nchini Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walitegemea pia maneno ya Kijerumani waliyoyakisia, kama yale ya taarifa za hali ya hewa.

Nasi tunao urithi wetu. Tukiwa watoto pale Igogo tulisema kinyume mbele ya wakubwa, tukiitanguliza silabi ya mwisho, hivyo "twende ziwani" ikawa "ndetwe niziwa". Huo ni usimbaji kamili, wa aina ya kupangua mahali pa sauti bila kuzibadilisha, na unastahili kukaa katika mchezo wa kompyuta karibu na fimbo ya Wasparta wa Ugiriki ya kale, iliyozungushiwa ukanda wa maandishi ili kupangua herufi.

Nakubali kwamba mchezo ule umetengenezwa kwa ustadi, kwamba ni wa bure, na kwamba bila huo binti yangu asingeanza kuhesabu herufi. Nakubali pia kwamba usimbaji wa Caesar haulindi chochote leo, na kwamba ujumbe wa tapeli unaosema "ile hela itume kwenye namba hii" hauzuiwi na hesabu yoyote. Lakini kinachobaki kwa mtoto ni mazoea ya kuichunguza lugha kwa jicho la hesabu, na mazoea hayo hayawezi kuanzia katika lugha ambayo bado anatafuta maana ya maneno yake. Kutafsiri vitufe na maelekezo hakutoshi. Jedwali la wingi wa herufi lenyewe ndilo linalopaswa kubadilishwa, na kwa mtengenezaji wa programu hiyo ni kazi ndogo.

Jumamosi jioni tulikaa barazani, tukachukua ukurasa mmoja wa kitabu chake cha Kiswahili, yeye akisoma herufi mojamoja na mimi nikipiga vistari. Safu ya A ilijaa kabla ya nyingine zote, ikabidi tuendelee nyuma ya karatasi. Safu za Q na X zilibaki tupu. Amelichora jedwali upya kwa kalamu ya wino na kuandika juu yake "Herufi za Kiswahili". Kesho ataliwasilisha klabuni, nami nimeomba ruhusa kazini ili niende naye.