Jina la Kanga Lisiwe Kiraka

Juzi nilinunua doti ya kanga kwa kupenda pambo lake: korosho kubwa nyekundu katikati ya mji, yaani uwanja wa kati wa kanga, na pindo jeusi lenye nukta nyeupe. Nilipofika nyumbani nikasoma jina, yaani usemi ulioandikwa juu yake, nikakuta limekosewa herufi, tena vipande vyote viwili. Jina la kanga halijazwi baadaye kwa kalamu. Huchorwa na kupigwa chapa pamoja na pambo, basi kosa moja husambaa jora zima.

Niliumia, maana jina la kanga ni ushairi wa watu. Chukua hili: "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Hesabu mizani, yaani silabi. Ukwapi, nusu ya kwanza, 8; utao, nusu ya pili, 8. Ni mshororo kamili wa shairi, umevaliwa kiunoni! Au "Japo sipati tamaa sikati", sikia ile -ti inavyogonga katikati na mwisho. Waliotunga walikuwa na masikio.

Kanga za zamani zilipigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, na majina yalianza kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililofunguliwa 1887 lilijipatia sifa kwa kanga zake zenye majina. Alama ya duka hilo, "Mali ya Abdulla", wengi wetu tumekua tukiiona.

Siku hizi naona jina lilelile limebandikwa kwenye mawaridi, kesho kwenye mananasi, keshokutwa kwenye miavuli. Mchoraji kafanya lake, maneno yakatafutiwa nafasi iliyobaki. Nasema hapana. Mtunzi na mchoraji wakae meza moja tangu mwanzo, na mtunzi alipwe kama mchoraji anavyolipwa. Najua wapo wanaosema mteja hutazama rangi tu. Simama dukani nusu saa: rangi ndiyo inayomvuta mwanamke, lakini kabla hajatoa pesa huikunjua kanga na kuuliza, "Jina lake linasemaje?"

Bibi yangu alikuwa na moja iliyoandikwa "Subira yavuta heri". Mji wake wote ulikuwa wavu wa samaki uliotandazwa, pindo limezungukwa na maboya madogo kama shanga. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza kwa nini wavu. Akashika ncha ya kanga, akaivuta kwake taratibu, mkono kwa mkono, kama wavuvi wanavyovuta pwani.