Watu wa Dar, Pugu mmemwachia nani?

Nimekaa Dar muda mrefu kiasi kwamba dada yangu mdogo akija kutoka Nairobi, yeye ndiye mgeni na mimi ndiye mwenyeji. Kwa mambo mengi ya kila siku sitamani kurudi. Ila kuna jambo moja nyumbani wametuzidi mbali: watu wa Nairobi wanaujua msitu wao, sisi wa Dar wetu hatuujui.

Dada yangu ni mtu wa vilima. Mwisho wa wiki utamkuta kwenye vilima vya Ngong au msitu wa Karura na wenzake. Alipoomba nimtembeze, majirani zangu wote walitaja Coco Beach. Nikampeleka kwenye msitu wa Pugu.

Ni kama kilomita 30 tu kutoka katikati ya jiji. Tulishuka Gongo la Mboto jua halijawa kali, tukaunganisha gari la Kisarawe, tukalipa kiingilio kwa namba ya malipo kwenye simu, tukaingia na mwongozaji. Vilima vyenyewe si virefu, na aliyezoea Ngong, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hawezi kuviogopa. Kinachomchosha mtu ni joto la pwani. Haikuchukua muda fulana zikalowa chapa. Lakini msitu ule ni wa kale mno, na una mimea isiyoota kwingine kokote duniani. Tulifika hadi kwenye mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe. Mwongozaji akamulika tochi juu, na dari lote likaanza kutikisika: popo, wamebanana bega kwa bega. Dada yangu alikataa kutoka mpaka alipotosheka kutazama. Na si mbali na hapo ndipo ilipo shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU. Mahali pa namna hiyo, siku ya Jumamosi, tulikutana na wanafunzi kidogo na wazungu wawili watatu. Basi.

Karura nayo ilikuwa karibu ipotee. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wakubwa kimyakimya, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti. Leo nenda Jumapili uone: watoto, wazee, wenye baiskeli, wanaokimbia. Atakayeugusa msitu ule atakabiliana na jiji zima, kwa sababu jiji zima limeshautembea. Pugu imekatwa miaka na miaka kwa ajili ya mkaa na mashamba, na sehemu kubwa ya mkaa huo imeishia majikoni mwetu hapa Dar. Nani alipiga kelele? Utapigiaje kelele kitu ambacho hujawahi kukiona?

Halafu chakula, na hapa Nairobi inisamehe. Kule tungekata kilo ya nyama, tukakaa kwenye meza yetu, mambo yakaishia hapo. Kisarawe tuliingia kwa mama ntilie, na kabla hatujapata benchi mzee aliyekuwa anakula akatuonyesha sahani yake: "Karibuni." Yeye hatujui, sisi hatumjui, na alimaanisha. Dada yangu amelisimulia hilo kwa kila mtu. Tukanawa kwa jagi na beseni, tukaletewa wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha na juisi ya ukwaju iliyomfanya mgeni wangu aongeze glasi nyingine.

Sufuria ya wali ilikuwa imepaliwa makaa juu ya mfuniko. Dada yangu akauliza mkaa unatoka wapi. Mama akasema siku hizi unaletwa kutoka mbali. Zamani ulikuwa hapo hapo. Simlaumu hata kidogo. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, lakini agizo hilo halimhusu yeye. Mkaa anaununua kwa kopo kadiri mauzo yanavyoruhusu, ilhali mtungi wa gesi unataka hela yote kwa mkupuo. Anayetaka kuuokoa msitu aanzie hapo, kwenye namna ya kumuuzia mama gesi kidogo kidogo, asianze kwa kumfokea.

Sisi wengine tuna kazi nyepesi zaidi, ya kwenda tu. Siku hizi hata treni ya mwendokasi ina kituo Pugu. Vikundi vya mbio vimejaa kila mtaa, vikitimua vumbi kandokando ya magari. Mara moja kwa mwezi wageuze njia waelekee Kisarawe. Dada yangu ameahidi kurudi Desemba na kikundi chake kizima. Ningependa wawakute wenyeji msituni.