Mtaala mpya wa sekondari Uganda: mzigo umemwangukia mwalimu

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika Februari 2020, Bunge lilikuwa linataka usitishwe kwanza. Hoja ya wabunge ilikuwa kwamba walimu wengi hawajapata mafunzo na vitabu havijafika. Serikali ikaendelea nao, na mwezi uliofuata korona ikafunga shule, kufungwa kulikoendelea kwa awamu hadi Januari 2022. Watoto waliokuwa wameingia kidato cha kwanza mwaka ule ndio waliofanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, wa 2024, wa kwanza chini ya mtaala huu. Matokeo yalipotangazwa mwanzoni mwa 2025, karibu asilimia 98 walipata cheti. Wapo waliosema hatimaye tumeachana na elimu ya kukariri. Wengine wakasema kiwango kimeshushwa tu.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Zamani miaka minne ya mtoto iliamuliwa kwa wiki chache za karatasi, kisha akapewa daraja ambalo lingemfuata maisha yake yote. Tume ya Profesa Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1989, ilikwisha kusema kwamba elimu yetu iko mbali mno na kazi na maisha ya watu. Imetuchukua miaka thelathini na ushei kulifanyia kazi jambo hilo kwa uzito.

Nachukua mfano wa huku kwetu Busia, mpakani na Kenya. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani humu hutumia zebaki kunasia dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu, halafu huichoma wazi ili ifuke ibaki dhahabu. Chini ya mtaala wa zamani, mwanafunzi angeweza kuandika alama ya zebaki na kiwango chake cha kuchemka, akapata maksi zote, asiunganishe kabisa na moshi anaouvuta kaka yake. Mtaala mpya unamtaka mwalimu amalize kila mada kwa zoezi linalompa mwanafunzi hali halisi: wachimbaji wako karibu na mto, waeleze hatari iliyopo na wafanye nini. Mwanafunzi anayeweza kujibu hilo amejifunza kemia kwa namna ambayo mtihani wa zamani haukuwahi kumdai. Kwa hili peke yake, sitaki turudi tulikotoka.

Hata hiyo asilimia 98 hainitishi sana. Madaraja yameondolewa, na sasa kila somo lina alama ya A hadi E inayoonyesha mwanafunzi amefikia wapi. Wengi kupata cheti si ushahidi kwamba kiwango kimeanguka. Linalonisumbua ni kama alama zilizoingia ndani ya cheti hicho zina ukweli.

Katika alama za mwisho, asilimia 80 zinatoka kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, na asilimia 20 zinatoka shuleni, kwa mwalimu mwenyewe. Kila zoezi la mwisho wa mada hupewa alama kati ya 0 na 3, kulingana na jinsi mwanafunzi alivyofikiri, alivyoshirikiana na wenzake na alivyotumia alichojifunza. Sasa tupige hesabu. Mwalimu wa shule ya serikali mwenye mikondo minne ya wanafunzi 80 ana kazi 320 za kusahihisha. Akiipa kila moja dakika 10, ambazo ni chache kwa kazi ya namna hii, zinafika dakika 3,200, yaani zaidi ya saa 53, kwa zoezi moja la mada moja. Bado hajaandaa somo la kesho wala hajasimama darasani.

Atafanya nini? Atapitisha macho, wengi atawapa alama za katikati, wachache anaowajua kwa majina atawapandisha. Simlaumu. Lakini shule binafsi yenye darasa la watoto 30 na maabara itafanya zoezi lile lile vizuri, na alama za shule hizo mbili zitakaa kwenye cheti cha aina moja kana kwamba zilipatikana kwa njia moja.

Wazazi nao wana lao. Kazi za mradi zinadai vifaa, na shule isipokuwa navyo, mtoto anarudi nyumbani na orodha: manila, gundi, kemikali za sabuni ya maji. Mzazi mwenye uwezo ananunua, na wakati mwingine mradi wenyewe unafanywa na mtu mwingine kabisa. Majirani zetu wa Kenya wamekuwa na malalamiko haya haya tangu mtaala wao wa umilisi (CBC) uanze kutekelezwa mwaka 2019, na hapa mpakani tuliyasikia mapema. Tungeweza kujiandaa.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa mageuzi huligusa kwa haraka mno, nalo ni mishahara. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa, mwenye digrii pia, akabaki kwenye milioni 1 hivi. Walimu wa sanaa waligoma mwaka huo, wakagoma tena 2025. Mtaala wenyewe hauwabagui: mwalimu wa historia anadaiwa mazoezi na rekodi zile zile.

Kiswahili kimo katika mkumbo huo. Kimewekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima. Sisi tunaokitumia kila siku tulifurahi sana. Lakini walimu wake ni wachache, na huyo mwalimu anahesabiwa upande wa sanaa. Kijana mwenye akili akiona pengo hilo la mshahara, kwa nini achague kusomea ualimu wa Kiswahili?

Msimamo wangu ni kwamba mtaala ubaki, na wanaotaka urudishwe ule wa zamani wasisikilizwe. Ila ile asilimia 20 isiongezwe hata kidogo mpaka wanafunzi katika kila mkondo wa shule za serikali wapungue, na UNEB ichukue sampuli za kazi za wanafunzi shule kwa shule izisahihishe upya. Mazoezi ya mada yapunguzwe, machache yafanywe kwa dhati. Miradi itumie vitu vinavyopatikana shuleni au kijijini, na shule ikatazwe kumtoza mtoto vifaa. Fedha zikipatikana, kabla ya kununua kompyuta hata moja, ziende kwenye kuajiri walimu na kuziba pengo la mishahara ya sanaa, kwa ratiba iliyoandikwa kwenye bajeti mwaka kwa mwaka.