Ganeti ikionekana, almasi ipo?

Maganzo, mkoani Shinyanga, habari za mawe haziishi. Mji huu uko jirani na Mwadui, bomba la kimberlaiti (nguzo ya mwamba wa volkeno uliopanda kutoka kina kirefu) lenye eneo la takriban hekta 146, ambalo John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mwaka 1940. Vijana wanaochekecha changarawe huniuliza swali moja tena na tena: nikikuta punje nyekundu za ganeti kwenye chekeche, nikomae hapohapo au nihame? Wapo wanaoapa kwamba ganeti ni nyayo za almasi. Wapo wanaosema imewafilisi watu. Pande zote mbili zina ushahidi, ndiyo maana ubishi haukomi.

Ganeti ni jamii ya madini ya silikati. Inayotuhusu hapa ni pairopu, silikati ya magnesiamu na aluminiamu. Wengi hudhani ilizaliwa ndani ya bomba, na kosa linaanzia hapo. Magma ya kimberlaiti, yaani mwamba ulioyeyuka, hutoka kina kirefu sana, na inapopanda kwa kasi humega kuta za mwamba ulioko chini ya bara, ikabeba vipande vyake: olivini (madini ya kijani), pairopu, na pengine almasi. Ganeti na almasi ni abiria wa basi moja, ila hawakulazimika kupandia kituo kimoja. Almasi hudumu katika kina cha kama kilomita 150 na zaidi. Pairopu hupatikana hata kwenye kina cha nusu ya hapo. Magma iliyoanzia juu ya kina cha almasi, au iliyopita kwenye mwamba wenye joto lililozidi, inaweza kuleta ganeti tele na almasi usiione hata ya dawa.

Hata hivyo, wanaoiamini ganeti hawaoti. Mwaka 1954, huko Yakutia, Siberia, mwanajiolojia Larisa Popugayeva aliosha mchanga wa Mto Daldyn na vijito vyake, akizifuata punje za pairopu kuelekea zilikozidi kuongezeka. Mwezi Agosti alifika Zarnitsa, bomba la kwanza la kimberlaiti kugunduliwa katika Umoja wa Kisovyeti. Kule Kanada, Chuck Fipke na Stewart Blusson walifuata kwa miaka mingi madini kama hayo yaliyokokotwa na barafu za kale, hadi mwaka 1991 almasi ikathibitishwa kwenye kimberlaiti ya eneo la Lac de Gras. Mgodi wa Ekati ulifunguliwa mwaka 1998.

Hesabu nayo iko upande wao. Hata Mwadui, tani 100 za mwamba hutoa karati chache tu, na karati moja ni gramu 0.2. Ukitaka kuitafuta almasi kwa kuifuata almasi yenyewe, unaweza kuosha mto mzima usipate kitu. Punje za ganeti ni nyingi kuliko almasi kwa mbali sana.

Lakini tuitazame tena Zarnitsa. Bomba lile lilikuwa na almasi kidogo, likakaa miongo mingi kabla ya kuchimbwa kwa maana. Utajiri ulitoka kwenye mabomba mengine, kama Mir lililopatikana mwaka 1955. Ganeti ilisema kweli kuhusu kimberlaiti, ikanyamaza kuhusu wingi wa almasi. Halafu kuna almasi ya Argyle, Australia, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo kwa kipindi fulani iliongoza dunia kwa wingi wa almasi. Mwamba wake ni lamproiti, mwamba mwingine wa volkeno, si kimberlaiti, na ganeti ya kuongoza njia ilikuwa haba. Watafiti walifuata almasi zenyewe kwenye kijito. Aliyesubiri ganeti pale angepitiliza. Tena magma yenyewe inaweza kuila almasi njiani, hasa ikiwa na oksijeni ya kutosha, na ganeti ikafika juu salama.

Kwetu kuna mtego mwingine. Ganeti nyingi za Tanzania hazihusiani kabisa na kimberlaiti. Rodolaiti, aina ya ganeti ya bonde la Umba mkoani Tanga, kwa mfano, zimetokana na miamba iliyopikwa na kukandamizwa wakati milima ya kale ilipojengeka. Ni vito vizuri vyenye soko lake, lakini anayeziona na kuanza kuota almasi amepotea njia.

Mimi naegemea upande wa ganeti, ila kwa kipimo cha maabara, si kwa jicho. John Gurney wa Chuo Kikuu cha Cape Town alionyesha kwamba pairopu nyingi zilizofungiwa ndani ya almasi zina kromu nyingi na kalsiamu kidogo. Kundi hilo huitwa G10, na likionekana kwa wingi kwenye bomba, matumaini hupanda. Kromu huivuta rangi kuelekea zambarau, kwa hiyo baadhi ya watu huokota za zambarau na kutupa zenye rangi ya chungwa. Huko ni kuharakisha mambo. Ganeti za rangi ya chungwa kutoka eklojaiti, mwamba mwingine wa kina kirefu, nazo hufuatana na almasi.

Kuna kitu kimoja ambacho jicho linaweza kukiona, na sioni kikitajwa vya kutosha. Nina punje isiyozidi ukubwa wa uwele. Ukiiweka chini ya lenzi, upande mmoja una ganda la kijivu linalokaribia weusi, na pale lilipobanduka uso una vijishimo kama ngozi ya chungwa. Ganda hilo lilitokana na ganeti kubadilika kingoni ilipokuwa ikipanda. Ni laini kuliko ganeti, na maji ya mto hulikwangua mapema. Punje ikiwa bado na ganda lake, haijasafiri mbali.

Kijana akiniletea punje ya namna hiyo, namwambia jiwe mama liko karibu. Akiniuliza kama lina almasi, namwomba akusanye punje 100, bila kuchagua rangi, azipeleke maabara zipimwe kromu na kalsiamu kabla hajauza ng'ombe anunue pampu.